ZIPO KWENYE SIMU



Ingia leo katika nyumba yoyote ya watu wetu, iwe Lamu au Tanga, Mikindani au Mkunazini, uombe kuonyeshwa picha za arusi ya mwaka jana. Hutaletewa albamu. Utaonyeshwa kioo cha simu kilichopasuka pembeni, na kijana atapandisha kidole na kukishusha. Atapita maua ya "Jumaa Mubarak", atapita picha ya risiti ya luku, atapita video ya paka, mpaka amfikie bibi arusi. Ukimwuliza, "Nakala nyingine iko wapi?" atakutazama kama mtu aliyeulizwa ana roho ngapi. "Zipo kwenye simu," atakwambia, na mazungumzo yamekwisha.

Neno hilo ndilo tunalotaka kulipinga. Tunasema wazi tangu mwanzo ili asiwepo wa kutufahamu vibaya: picha iliyo mahali pamoja tu haijahifadhiwa. Na mtu mzima, mwenye nyumba, mwenye akili timamu, anayeziacha sura za wazee wake na utoto wa wanawe ndani ya kipande kimoja cha kioo kinachobebwa mfukoni, kinachotumbukia ndooni, kinachonyakuliwa na wezi wa pikipiki, asije siku ya kupotea akatwambia kuwa ni kudura. Kudura ni kweli, na uzembe nao ni kweli.

Mas-ala ya picha kujuzu au kutojuzu hatuyaingilii hapa; yana wenyewe, na wanavyuoni wamekwisha kuyasema mengi. Maneno yetu ni kwa yule ambaye tayari anazo picha elfu kumi au elfu ishirini, na anaapa kuwa anazipenda.

WATU WA MKONZE

Tutazame Mkonze. Wasomaji wa pwani ambao hawajafika huko waijue hivi: ni kata ya Jiji la Dodoma, nje kidogo ya mji, katika nchi kavu ya Wagogo, yenye vumbi jingi wakati wa kiangazi. Zamani mtu wa pwani hakuwa na safari nako. Lakini TANU iliamua mwaka 1973 kuwa makao makuu ya nchi yawe Dodoma, na tangu mwaka 2016 Serikali ikahama kwa kweli, wizara kwa wizara, na watumishi wakafungasha vyombo. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Viwanja vya pembezoni vikaota nyumba, na miongoni mwa waliojenga na waliopanga huko wamo watoto wetu: karani kutoka Pangani, mwalimu kutoka Kilwa, muuguzi kutoka Bagamoyo.

Sasa chukua mfano wa nyumba moja ya namna hiyo. Bibi yuko Pangani, goti limechoka, safari ndefu haiwezi. Mjukuu amezaliwa Dodoma, ameota meno Dodoma, ameanza kutambaa juu ya sakafu ya Mkonze. Bibi amempakata mara mbili, Idi moja na Idi nyingine. Kilichobaki chote amekiona ndani ya simu. Na upande wa pili, mtoto huyo hamjui babu yake aliyekufa ila kwa picha moja ya rangi iliyofifia, ambayo nayo mtu aliipiga kwa simu ikiwa juu ya meza, na kivuli cha mkono wake kikaingia. Asili yake iliyokuwa ukutani ilikwisha kuliwa na unyevu.

Katika nyumba kama hiyo picha si pambo, kwa maana ndiyo njia pekee ambayo nusu ya ukoo inaijua nusu ya pili. Lau zikipotea, hakuna jirani wa kusimulia, kwa sababu majirani wa Mkonze hawakumjua babu, na majirani wa Pangani hawajapata kumwona mtoto. Tunawauliza wazazi wa nyumba hizi: cheti cha kuzaliwa mmekitia ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya sanduku, na sanduku mkalipiga kufuli. Je, uso wa mwenye cheti mmeuweka wapi?

STUDIO ZA ZAMANI

Wazee wetu hawakuwa na elimu ya kompyuta, lakini katika jambo hili walikuwa salama kutushinda, na inafaa tujue kwa nini.

Mtu akitaka picha alikwenda studio. Unguja alikwenda Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa alikwenda kwa N. V. Parekh, ambaye aliwapiga picha watu wa mji ule kwa miaka mingi tangu miaka ya 1940. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor na studio yake. Alivaa kanzu yake iliyopigwa pasi, akaketi, akaambiwa asipepese. Kisha alichukua nini? Alichukua karatasi. Negativu ilibaki studio. Na karatasi zenyewe hakuchukua moja. Alichukua tatu, akaandika nyuma "Ukumbusho", jina na tarehe, moja akaiweka nyumbani, moja akampelekea dada yake Mombasa, moja ikasafiri na jamaa mpaka Maskati au Dubai.

Hesabu basi. Picha moja, nakala nne, miji mitatu, nchi mbili, na maandishi nyuma yake. Hakuna aliyekaa kitako akapanga mambo hayo; ndivyo biashara ilivyokuwa na ndivyo undugu ulivyokuwa. Ndiyo maana wako watu wa Unguja ambao nyumba zao zilipata misukosuko mwaka 1964, albamu zikapotea kabisa, na baada ya miaka wakaikuta sura ya mama yao kwa jamaa wa Omani, nzima, imewekwa ndani ya kitabu.

Simu imetunyang'anya haya yote kimyakimya. Haina negativu. Haina mwenye studio wa kututunzia. Imetupa wingi na ikatuondolea nakala, nasi kwa kuona wingi tumedhani tumetajirika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi picha elfu ishirini hatuna hata karatasi moja inayosema kilichomo.

"NIMESHAZITUMA WHATSAPP"

Hoja ya kwanza tunayopewa ni hii: picha zimekwisha kutumwa katika kundi la ukoo, kwa hiyo ziko kwa watu arobaini, hata simu yangu ikifa haidhuru.

Maneno haya yana harufu ya ukweli, na ndiyo sababu yanawadanganya wengi. WhatsApp si ghala, ni tarishi. Barua ikishafika, tarishi haibaki nayo: picha hukaa katika mitambo yao mpaka impate mpokeaji, na ikiwa simu ya mpokeaji imezimwa, husubiri muda usiozidi siku 30, kisha huondolewa. Baada ya hapo iko katika simu za watu hao arobaini tu. Na watu hao arobaini ni akina nani? Ni watu kama wewe, ambao simu ikiandika kuwa nafasi imejaa hufuta kwanza picha za wenzao. Jaribu jambo hili leo: rudi nyuma katika kundi la ukoo mpaka miaka mitatu, uguse picha yoyote iliyokwisha kufutwa katika simu yako. Utaambiwa umwombe aliyeituma aitume tena. Na huyo aliyeituma huenda yuko Kinondoni au yuko kaburini.

La pili, picha iliyopita huko haifiki kama ilivyoondoka. Ili isafiri kwa wepesi, programu huikamua. Picha iliyotoka katika simu ikiwa na uzito wa megabaiti 4 aghalabu hufika ikiwa haina hata sehemu ya kumi ya uzito ule, na tarehe ya siku iliyopigwa imeondolewa ndani yake. Katika kioo cha simu hutaona tofauti. Siku utakapotaka kuichapisha iwe kubwa ukutani, ndipo utakapoona uso wa mama yako umekuwa kama sura inayoonekana nyuma ya kioo cha bafu. Kuna njia ya kutuma kwa ubora zaidi, na kuna njia ya kutuma picha kama faili isiyoguswa. Wangapi katika kundi la ukoo wanaitumia?

"ZIKO KWENYE WINGU"

Wa pili ni msomi zaidi. Huyu anasema picha zake ziko mtandaoni, katika kile wanachokiita wingu. Watu wa Dodoma wangeweza kumfundisha jambo kuhusu mawingu, wao ambao kila mwaka hulitazama likipita na mahindi yakikauka.

Hatusemi kuwa wingu ni baya. Tunasema kuwa ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hubadili masharti anapotaka. Mpaka mwisho wa Mei 2021 Google ilikuwa ikipokea picha bila kikomo na bila malipo, ilimradi ukubali zipunguzwe kidogo. Tangu tarehe 1 Juni mwaka huo kila picha mpya inahesabiwa ndani ya gigabaiti 15, na humo humo zimo barua pepe zako na nakala ya mazungumzo yako ya WhatsApp. Fanya hesabu: kwa megabaiti 4 kila picha, nafasi yote hiyo haifiki picha 4,000. Mtu mwenye picha elfu ishirini ana mzigo wa gigabaiti 80. Zile elfu kumi na sita nyingine ziko wapi? Aghalabu ziko kwenye simu, na mwenyewe hajui, kwa kuwa ule ujumbe wa nafasi kujaa alikwisha kuuzoea kama kelele za feni.

Kisha tangu Desemba 2023 kampuni hiyo ilianza kuzifuta akaunti za watu ambazo hazijaguswa kwa muda wa miaka miwili. Msomaji, ni akaunti ya nani ambayo haiguswi miaka miwili? Ni ya marehemu.

Wala wingu si kitu kisichoungua. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la mitambo ya kampuni ya OVH liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walitoka mikono mitupu. MySpace, mtandao uliokuwa mkubwa kuliko yote katika siku zake, ulitangaza mwaka 2019 kuwa picha, video na nyimbo zilizowekwa zaidi ya miaka mitatu nyuma zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Waliomwamini walipewa pole.

Na hata wingu likiwa zima, njia ya kulifikia ni nyembamba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikaonja mtandao wa kutambaa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa Tanzania na ukakaa hivyo kwa siku kadhaa. Aliyefiwa siku zile akataka picha ya marehemu wake iliyoko mtandaoni, angeipataje?

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Huduma hizi nyingi ni kioo cha kujitazamia: unachokifanya huku kinafanyika na kule. Mtoto akichezea simu akafuta folda nzima ndani ya programu ya picha, zinafutika na za mtandaoni. Kuna pipa la taka ambalo huzishika kwa muda, Google siku 60, Apple siku 30, na baada ya hapo hakuna kadhi wa kumlalamikia. Nakala ya kweli ni ile ambayo makosa ya huku hayaifikii.

TAWAKKUL ISIYO NA KAMBA

Wa tatu ndiye tunayemwonea uchungu zaidi, kwa sababu anaitumia dini kuufunika uvivu wake. Anasema, "Mlinzi ni Mwenyezi Mungu, hayo mengine ni kujisumbua." Sote tunaijua habari ya bedui na ngamia wake na jibu alilopewa na Mtume (s.a.w.), na hatuna haja ya kuirudia. Tumkumbushe tu yale ya maswahaba. Mwaka 633 hivi, katika vita vya Yamama, waliuawa wengi waliohifadhi Qur'ani vifuani. Sayyidna Umar alikwenda kwa Sayyidna Abubakar akamshauri iandikwe na kukusanywa, na Zayd bin Thabit akapewa kazi hiyo. Baadaye Sayyidna Uthman akaamuru zitolewe nakala, na akazipeleka katika miji mikubwa. Hatusemi kuwa picha ya arusi ni kitu cha kutajwa pamoja na Msahafu, hasha! Tunachosema ni kuwa watu waliokuwa na tawakkul kutushinda hawakuona aibu kuandika, wala hawakuona kuwa nakala moja inatosha.

Na asiseme kuwa hayo ni ya zamani. Lamu, katika Msikiti wa Riyadha wa Habib Saleh, mna miswada ya Kiarabu iliyorithiwa kwa vizazi. Katika miaka ya 2010 miswada ile ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Asili zikabaki Lamu, nakala zikawekwa na London. Masharifu wale hawakusema kuwa baraka ya msikiti inatosha kuzuia mchwa.

KAMBA YENYEWE

Basi mtu afanye nini? Wapiga picha wa dunia wana kanuni yao, aliyoieneza Mmarekani Peter Krogh katika kitabu chake cha mwaka 2005: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Kwa watu wengi hilo la tatu ndilo gumu. Kwa nyumba ya Mkonze na Pangani ndilo jepesi, kwa kuwa Mungu amekwisha kuwapa nyumba mbili, kilomita mamia kati yake, moja nchi kavu na moja nchi ya chumvi.

Nunueni diski mbili za nje, zile za kuchomeka kwenye kompyuta. Diski ya terabaiti moja inabeba picha 250,000 za megabaiti 4, nafasi ambayo nyumba ya kawaida haitaimaliza. Mtaniambia ni ghali. Ni ghali kuliko flashi, naam. Lakini iwekeni kando ya bei ya ile simu mnayoringia nayo, au kando ya sare za arusi zilizovaliwa siku moja, kisha mniambie tena. Na jihadharini na kadi na flashi zinazouzwa barabarani kwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa terabaiti moja au mbili. Nyingi ni za uwongo: zimetiwa programu ya kudanganya kompyuta, zinapokea kila kitu kwa adabu, na zikishajaa nafasi yake ya kweli zinaandika juu ya vya kwanza. Kiko kitu cha kuzipima, programu ya bure iitwayo H2testw. Anayenunua na apime kabla ya kutia chochote.

Pakueni picha zote, simu zote za nyumbani, mzitie katika diski ya kwanza. Tunasema kunakili, wala si kuhamisha. Anayehamisha bado ana moja. Kisha ya kwanza inakiliwe katika ya pili. Moja ikae Mkonze, moja iende Pangani. Mtandao uwe ni nakala ya tatu kwa zile picha chache bora, maana kuupandisha mzigo wote wa gigabaiti 80 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua karibu siku nne mfululizo, na bando halitoki mbinguni.

Idi ikifika, anayetoka Mkonze aje na diski yake. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma mpaka Dar es Salaam kwa saa nne hivi au pungufu, na diski haizidi uzito wa pakiti ya tende. Ikifika kwa bibi, zibadilishwe: iliyojazwa upya ibaki pwani, iliyokuwa pwani irudi bara ikajazwe. Na siku hiyo hiyo zifunguliwe zote mbili, bibi aketi, zitazamwe. Diski ambayo haijafunguliwa miaka mitatu hakuna anayejua kama iko hai. Zile zenye sahani inayozunguka huvunjika kwa kuanguka mara moja, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huku zikiandika huziua pia. Flashi nazo, zikikaa miaka mingi bila kupata umeme, huweza kusahau kilichomo. Mkonze zifungeni ndani ya mfuko na kopo la kifuniko kwa ajili ya vumbi. Pwani adui ni unyevu na hewa ya chumvi: zisiwekwe kabatini ukutani upande wa mvua, wala chini ya kitanda.

MAJINA, NA TAKATAKA

Kuhifadhi kila kitu nako ni namna ya kupoteza. Picha saba za sahani moja ya biriani, picha kumi na mbili za mtoto yuleyule aliyefumba macho, na yale maua ya Ijumaa ambayo mimi mwenyewe nadhani yakikusanywa yataifunika bahari kutoka Mafia mpaka Pemba: yafuteni. Aliyekuombea kheri Ijumaa amekwisha kupata thawabu zake, ua halihitaji kukaa miaka kumi.

Zinazobaki zitiwe ndani ya mafolda kwa mwaka, mwezi na jambo: "2024-06 Idi Pangani", "2025-01 Mtoto kuanza chuo Mkonze". Mwaka ukitangulia, kompyuta itazipanga yenyewe. Na ndani ya kila folda liwekwe faili dogo la maandishi: huyu ni nani, yule ni nani, aliyesimama nyuma ni mtoto wa shangazi yupi. Hii ni kazi ya kufanya sasa hivi, na wazee, kabla hawajaondoka. Mwaka 2015 katika shirika la utangazaji la Uganda, UBC, lilikutwa kabati lenye negativu zipatazo 70,000, zikiwamo za wakati wa utawala wa Idi Amin, ambazo watu hawakuwa wakizijua. Zilikuwa katika bahasha zilizoandikwa, na kwa maandishi hayo watafiti waliweza kuzipanga na hatimaye kuzionyesha katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Negativu hizo bila bahasha zake zingekuwa nyuso tu. Sisi nasi, bibi akishafariki, nani atatuambia yule mzee mwenye bakora ni nani?

SITARA NA MIRATHI

Akina mama wana hofu yao, nayo ni ya haki. Katika picha zile mna za arusi za kike, wanawake wameketi kwa raha zao bila mtandio. Wanasema: nakala zikizidi, macho yatazidi. Tunawajibu kuwa hatari kubwa kuliko zote ndiyo hiyo hiyo simu. Simu ndiyo inayopelekwa kwa fundi ikiwa na kila kitu ndani, na neno la siri akaandikiwa fundi kwenye karatasi. Simu ndiyo inayouzwa kwa mtu usiyemjua kabla haijasafishwa. Diski iliyofungwa kwa neno la siri na ikawekwa ndani ya sanduku la mama ina sitara kuliko hiyo. Picha za namna ile ziwe na diski yake peke yake, ufunguo kwa mama, na zisipande mtandaoni kabisa. Kutunza amana ya mwanamke mwenzio aliyepigwa picha nyumbani kwako ni juu yako hata kama yeye hajui kuwa unayo.

Limebaki la mirathi, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapoumia. Mtu anafariki. Simu yake inafunguka kwa kidole chake, na kidole kimekwisha kuzikwa. Warithi wanaikadiria bei, inauzwa, fedha zinagawanywa kwa haki, kila mtu na fungu lake mpaka shilingi ya mwisho. Hakuna aliyedhulumiwa ila wote wamedhulumiwa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na miaka minane ya nyumba ile. Na ajabu ya mali hii ni kuwa haihitaji mtaalamu wa mirathi kuigawa: kila mrithi huweza kuichukua yote, thumni na nusu wakawa sawasawa, na hakuna fungu linalopungua.

Kwa hiyo mwenye simu aandike neno la siri la simu na la akaunti yake, alitie ndani ya bahasha, aifunge, aiweke pamoja na wasia wake na hati ya kiwanja chake cha Mkonze. Google tangu mwaka 2013 inamruhusu mwenye akaunti kumtaja mtu atakayepewa vitu vyake ikiwa ameacha kuitumia kwa muda fulani. Apple nao tangu mwaka 2021 wana utaratibu wa kumteua wa kurithi. Ni kazi ya robo saa. Na zile simu za zamani zilizolala kwenye droo, za marehemu na za walio hai, zitolewe mwezi huu zitiwe chaji kwa uangalifu. Zitakazowaka zinakiliwe siku hiyo hiyo. Iliyovimba betri isichomekwe, ipelekwe kwa fundi mnayemjua, na mmoja wenu akae naye mpaka amalize.